Masikio ya Fundi wa Bastola

Saa yangu ya mkono, ile ya kutia ufunguo, ilisikika inchi tisa kutoka sikio la kushoto. Kwa sikio la kulia ilibidi niibandike kabisa kwenye ngozi ndipo niisikie, na hata hapo sikuwa na hakika kama ni saa inayogonga au ni damu yangu. Niliyaandika hayo kwa penseli kwenye daftari la kazi, chini ya orodha ya springi za kuagiza, siku moja ya Aprili mvua ndefu ikiwa imeanza kushika Nanyuki. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, na kazi yangu ilikuwa kutengeneza bastola.

Naandika kwa ajili ya mtu anayepiga bastola masikio yakiwa wazi, awe askari, mlinzi au mwenye shamba aliye na leseni, ambaye jioni anasikia kengele kichwani na kujiambia itakwisha kesho. Yangu haikwisha. Mambo ya ndani ya sikio mtaelezwa na madaktari. Mimi nitawaambia nilivyokaa kwenye mabenchi, nilivyokosana na mke wangu, na jinsi nilivyokaribia kumpoteza mtoto wangu akiwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe, tunakula meza moja.

Nilifanya kazi kwa Bwana Hussein, mfanyabiashara wa Nanyuki. Mbele ya duka aliuza waya za ua, ndoana za samaki na matandiko ya farasi. Nyuma alikuwa na karakana ya silaha zenye leseni. Wenye mashamba ya ngano kutoka Timau walileta bastola zao zikiwa na kutu, triga imelegea, silinda haizunguki. Mimi nilizifungua, nikazisafisha, nikabadilisha kilichovunjika. Lakini bastola haikukabidhiwa mwenyewe kabla ya kujaribiwa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya karakana: risasi sita ndani ya sanduku la mchanga, kwenye stoo ya mawe yenye mlango mmoja na dirisha la kiasi cha kitabu. Siku ya kazi nyingi nilijaribu bastola nne, hata tano.

Sasa sikilizeni ujinga wangu, maana ni ujinga wa mafundi peke yao. Fundi wa bastola hutegemea sikio. Ukivuta hama, ile nyundo ya nyuma, polepole kuna mlio wa kwanza, halafu wa pili, na ukiwa umezoea utajua kwa milio hiyo kama springi imechoka au jino limekatika. Mimi nilijulikana kwa hilo. Watu walisema Ndirangu anaweza kukuambia ugonjwa wa bastola akiwa amefumba macho, na sifa hiyo ilinipanda kichwani. Bwana Hussein aliponinunulia vile vifuniko vikubwa vya masikio, ambavyo sisi tuliviita hedifoni, nilivitundika kwenye msumari.

"Bosi," nikamwambia, "ukimziba fundi masikio umemziba macho."

"Isikilize ikiwa tupu, Ndirangu," akasema. "Ikiwa na risasi, ziba. Huo mlio wa springi utausikia wapi ndani ya mshindo ule? Injini ina spea, gari lina spea. Masikio hayana spea."

Alisema kweli tupu, nami nikacheka. Miaka saba hedifoni zilikaa msumarini mpaka buibui akajenga ndani ya upande mmoja. Na si kwamba nilipiga tu masikio wazi. Nilikuwa nainamisha kichwa na kuielekezea bastola sikio la kulia, kama daktari anayesikiliza kifua.

Dalili ya kwanza ilikuwa birika. Asubuhi moja nilisikia maji yanachemka, nikaenda jikoni kuepua, nikakuta birika limefunikwa juu ya meza na jiko halijawashwa. Nikasimama pale nikisikiliza. Birika likaendelea kuchemka. Nikatoka nje, likatoka na mimi. Nilipoziba masikio kwa vidole likazidi. Hapo ndipo nilipojua kwamba sauti ile haikuwa nyumbani kwangu, ilikuwa ndani yangu. Nitasema ukweli: sikuogopa. Nilitaka kujua imeingiaje.

Ndivyo nilivyoumbwa. Kitu kikiharibika nataka kwanza kujua kimeharibika kiasi gani, kuhuzunika baadaye. Kwa hiyo nikaanza kupima kwa saa na tepu ya inchi, na nikaanza kuhesabu vilivyopotea. Stovu ya mafuta ya taa ilikuwa imeacha kulia. Niliifungua mara mbili kuitengeneza na mara zote mbili nikaikuta nzima. Mbu nilimwona mkononi ameshashiba, bila kunipigia hodi. Sauti za wanaume zilinifikia vizuri. Za wanawake zilifika zimechakaa kama shati la kazi. Za watoto hazikufika.

Na mtoto niliyekuwa naye alikuwa mmoja, mwenye sauti nyembamba kama uzi.

Jina lake Nyambura. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, kwa hiyo alikuwa na jina la mama yangu aliye Wamagana, na mimi nilimwita Maitũ, yaani mama. Mtu akikusikia unamwita mtoto wa miaka saba hivyo anajua huyo si wa kupuuzwa. Tangu aanze kutembea, kazi ya kuniamsha ilikuwa yake. Alikuja kitandani kwa vidole vya miguu, akaweka mdomo kwenye sikio langu la kulia, akapiga kelele: "Baba, chai!" Nilijifanya nimeanguka kitandani kwa mshtuko. Tulicheza hivyo kila asubuhi ya Mungu.

Mwaka ule nikaingia tabia ambayo nadhani kila kiziwi mpya huiingia. Mtu akisema nisisikie, nilisema "ndiyo". Mara ya kwanza unauliza "nini?", mara ya pili "nini?", mara ya tatu unaona mtu amekunja uso, basi unasema ndiyo na kutabasamu. Ndiyo ni neno rahisi. Kazini halikuniletea shida. Nyumbani lilinichimbia shimo.

Shule zilipofungwa mwezi ule wa Aprili, Nyambura alikuwa amechaguliwa kusoma shairi mbele ya wazazi. Alikuwa ameniambia. Mimi siku hiyo nilikuwa kwenye stoo nikipiga risasi mchangani. Jioni nilimkuta amekaa kwenye kizingiti na gauni lake la Jumapili, nikamuuliza kulikoni. Akaingia ndani.

"Alikuambia mara tatu," Mama Nyambura akaniambia. Mke wangu alifuma sweta za shule kwa mashine, na siku hiyo hakuinua macho kwenye nyuzi. "Ukasema ndiyo, ndiyo. Ati 'ndiyo, Maitũ'. Ametazama mlango wa darasa mpaka watu wakaisha."

"Sikumsikia."

"Basi sema hujasikia! Kwani ukisema utakufa?"

Tangu siku hiyo Nyambura aliacha kusema na mimi. Hakununa, hakuwa na adabu mbaya. Alipotaka kitu alimwambia mama yake: "Mama, mwambie Baba aniwekee chumvi." Chumvi iko mbele yangu, na mimi niko mbele yake. Asubuhi sikuamshwa tena na mtu. Mke wangu alichoka kuwa katikati yetu. "Mimi si redio yako," alinifokea siku moja. "Masikio ni yako, nenda ukayatibu. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini lako bado halijazikwa."

Nikaenda Nyeri. Daktari wa masikio alikuwa na siku yake moja, na siku hiyo benchi lilijaa kabla jua halijatoka vizuri. Watu walijipanga wakisogea makalio kidogo kidogo kila mtu alipoitwa, na kwa sababu karibu wote hatukusikia vizuri, muuguzi aliita jina moja mara nne na watu watatu wakasimama. Nilikaa na mzee mmoja wa Sagana aliyesaga mahindi kwenye posho mill kwa miaka mingi. Tulianza kuzungumza, na muuguzi akatoka kutuambia tuache kupigana. Hatukuwa tunapigana, tulikuwa tunasalimiana.

"Wewe ni kitu gani ilikuharibu?" mzee akaniuliza kwa nguvu.

"Bastola."

"Uuui! Wewe ni polisi ama ni mwizi?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kicheko changu cha kwanza tangu Pasaka. Nilipomweleza, akanishika goti. "Nikuambie kitu moja. Kama hujasikia, usiseme ndiyo. Mimi nilisema ndiyo kwa soko, kumbe mtu anauliza kama nimemuuzia ng'ombe. Alikuja na kamba." Akatikisa kichwa. "Ilikuwa ng'ombe ya maziwa." Nilimwonea huruma, na sikufikiri kwamba maneno yale yalikuwa yangu pia.

Siku hiyo niliombea nta. Nilitamani daktari aseme masikio yangu yamejaa nta tu, na kweli ilikuwepo. Walinimwagia maji ya vuguvugu kwa sindano kubwa isiyo na ncha, ikatoka nta ya kujaza kijiko. Niliinuka nikiwa na furaha, nikavua saa mkononi palepale. Inchi tisa kushoto. Kulia, ngozini. Nta ilikuwa yangu na uziwi ulikuwa wangu, kila kimoja peke yake.

Nilipita Wamagana kumwona mama. Alinilaza kichwa kwenye paja lake kama mtoto, akanitilia mafuta ya kondoo yaliyopashwa moto, tone moja moja. Mafuta hayakunirudishia kitu, tena daktari alinigombeza baadaye, na nyinyi msiyatie. Lakini nakumbuka mkono wa mama juu ya shavu langu, na joto likishuka ndani polepole, nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata kwa wiki nyingi kwa sababu ya lile birika. Niliamka shuka lina harufu ya kondoo.

Safari ya pili ilikuwa Julai, baridi ile ambayo mlima hauonekani wiki nzima. Sasa niliingizwa kwenye kijumba chenye kuta nene kama stoo yetu, nikavalishwa hedifoni. Nilijiambia, haya, hatimaye umezivaa. Nilipewa kitufe: ukisikia mlio, bonyeza. Mwenye mashine alikuwa upande wa pili wa kioo. Mimi nikajitahidi. Nilibonyeza kwa bidii kama mtu anayetafuta alama za mtihani.

Akafungua mlango. "Mzee, umebonyeza mara tano na mashine ilikuwa imenyamaza. Unasikia nini?"

Nikasikiliza. "Birika," nikasema.

Daktari alikuwa mama kijana mwenye subira. Alinichorea karatasi yenye mstari unaotembea vizuri, halafu unatumbukia kama barabara inayoingia bondeni. Mle bondeni, aliniambia, ndimo zilimo sauti za watoto. Nilimuuliza maswali mengi hadi akacheka: ndege wako wapi? Saa iko wapi? Kwa nini la kulia limezidi? Nilipomwonyesha ninavyoinamisha kichwa kwa bastola, aliacha kucheka. "Kilichoenda hakirudi," akasema. "Kilichobaki ni chako kukilinda. Ukiendelea kupiga risasi ndani ya chumba kile, ukifika miaka arobaini hutasikia hata ngurumo. Usipige tena." Alisema pia kuna kifaa cha kuvaa sikioni, ila orodha ni ndefu, ningojee.

Nyumbani nilimsimulia Mama Nyambura nikijifanya mcheshi, jinsi mashine ilivyonyamaza na mimi nikaendelea kubonyeza. Alicheka kidogo. Nyambura alikuwa kwenye kona akiandika kazi ya shule. Sikujua kwamba anasikiliza. Mimi ndiye niliyekuwa kiziwi, yeye masikio yake yalikuwa mazima.

Bwana Hussein alikubali haraka. Kujaribu bastola alichukua yeye mwenyewe, akapangusa buibui, akavaa zile hedifoni. Mimi nilikaa nje ya stoo, vidole masikioni, nikihisi mshindo kwenye nyayo. Sitaficha, iliniuma. Wateja waliuliza kwa nini Ndirangu hapigi siku hizi. Niliona kama wananitazama masikio.

Basi nikashikilia saa yangu. Nilitaka kujua kama daktari amekosea. Kupima mwenyewe ni vigumu, mkono unajua saa iko wapi, kwa hiyo Mama Nyambura akampa Nyambura ile kazi kila Jumamosi. Nadhani alikuwa na akili zake. Ilikuwa kazi isiyohitaji maneno. Mimi nilikaa kwenye stuli uani, nimefumba macho, nimeshika mwanzo wa tepu ya kushonea kwenye sikio. Nyambura alitoka mbali na saa mkononi, akija polepole. Nikisikia nilinyoosha mkono, na yeye akasimama, akasoma tepu, akanionyesha inchi kwa vidole. Hakusema kitu. Lakini alikuja kila Jumamosi bila kuitwa, na mimi niliingoja Jumamosi kama mtu anayengojea mshahara.

Agosti sikio la kulia lilikuwa inchi mbili. Septemba tano. Mvua ya vuli iliponyesha, kumi na moja. Nilikuwa nikiandika namba hizo kwenye daftari la kazi. Desemba ilipofika nilienda kwa Bwana Hussein.

"Jumatatu narudi kwenye stoo," nikamwambia. "Sikio limerudi."

"Daktari amesema?"

"Saa imesema."

"Wewe ni mtu mzima, Ndirangu," akasema, akaenda kuhudumia mteja.

Msinicheke. Niliwaza hivi: kama sikio linaweza kwenda na kurudi, basi hata likienda tena litarudi. Mke wangu nilipomwambia aliweka sweta chini, akaniuliza kama nina wazimu, na tukazozana mpaka majirani wakapunguza redio yao ili wasikie vizuri. Nyambura alikuwepo.

Jumamosi hiyo mama yake alikuwa sokoni. Nikakaa kwenye stuli, nikafumba macho. Jua lilikuwa zuri. Nikamngoja, na baada ya muda nikaisikia, tik, tik, nyembamba, mbali kabisa. Nikanyoosha mkono juu na kufungua macho. Nyambura alikuwa amesimama na tepu. Inchi ishirini na mbili! Sikio la kulia!

Hakunionyesha vidole. Alifungua kiganja. Hakikuwa na kitu.

"Saa iko wapi?" nikauliza.

Akanielekeza nyumbani. Nikaingia, naye nyuma yangu. Saa ilikuwa jikoni, juu ya meza, chini ya sufuria iliyopinduliwa.

Nikasimama na sufuria mkononi. Yeye akazunguka akaja mbele yangu, mahali nitakapomwona, akasema polepole kama mwalimu wa darasa la kwanza. "Hakuna saa, Baba. Leo hakuna. Na Jumamosi ile ingine pia hakukuwa."

"Ulijuaje?"

"Ulisema kwa hospitali mashine ilinyamaza na wewe ukasikia." Kisha akaanza kulia kwa hasira. "Na unataka kuenda kupiga bastola! Daktari alikataa! Wewe husikii, Baba. Unasemanga ndiyo na hujasikia."

Nilikaa chini, palepale sakafuni. Mwaka mzima nilikuwa nikitaka kujua nimeharibika kiasi gani, na jibu lilikuwa kiganja kitupu cha mtoto. Niliona aibu, halafu nikaogopa, kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze. Siku mbili tu zilibaki nirudi kwenye stoo ile na kumalizia kilichobaki.

"Maitũ," nikamwambia, "nimesema ndiyo gani na gani?"

Alifuta pua kwa mkono wa sweta. "Nilikuambia nasoma shairi. Ukasema ndiyo."

"Hilo nalijua. Nisamehe."

"Nilikuuliza kama naweza kufuga sungura, ukasema ndiyo. Nikaleta moja kutoka kwa kina Wairimu, Mama akanichapa akasema nimrudishe."

"Hilo sikulijua. Na lingine?"

"Liko lingine," akasema. "Hilo siambii."

Jumatatu nilimwambia Bwana Hussein ukweli wote, na sufuria pia. Hakucheka. Aliingia stoo na kupiga yeye, na tangu siku hiyo sijafyatua risasi hata moja. Ninasikiliza bastola zikiwa tupu, kwa sikio la kushoto, na nyingine nazitambua kwa vidole, kwa sababu nimegundua kwamba springi iliyochoka hutetemesha triga kwa namna yake. Nyumbani tuliweka sheria. Mimi nikikosa kusikia nasema "sijasikia, rudia," hata mara kumi, na mtu hakunji uso. Nyambura yeye alijitungia yake: akitaka kusema na mimi alinishika mashavu kwa mikono miwili, akanigeuza uso, ndipo akaanza. Mama Nyambura aliiga hiyo siku moja mbele ya mchungaji, nikaona haya.

Kifaa kilinifikia Februari, wakati wa vumbi. Wanaokingoja nitawaambia ukweli. Hakirudishi sikio. Kinapiga mluzi ukikumbatiwa, sufuria zikigongana unataka kuhama nyumba, na karatasi ya mkate inanguruma kama lori mlimani. Sauti ya Nyambura ilinijia kama inatoka ndani ya mkebe, si ile niliyoikumbuka. Lakini siku ya kwanza Mama Nyambura aliwasha stovu nami nikaisikia ikilia shhhh. Nikavuta kiti nikakaa mbele yake mpaka ugali ukaiva.

Lile swali lingine lilikuwa bado linanisumbua. Mimi ni mtu wa kutaka kujua, mnajua, lakini kila nilipouliza alitikisa kichwa. Nikaacha kuuliza. Mvua ndefu ikarudi. Jioni moja baada ya chakula nilikuwa nanawa mikono kwenye karai, akaja akanishika mashavu na kunigeuza, na nikaona amejikaza kama mtu anayetaka kuruka mtaro.

"Lile lingine," akasema. "Nilikuuliza wakati ulikuwa unakula. Ulisema ndiyo ukaendelea kula."

"Niulize tena."

"Baba, ni mimi niliharibu masikio yako? Juu ya kukupigia kelele asubuhi?"

Nilisikia kila neno. Mwaka mzima mtoto huyu alikuwa amebeba ile ndiyo yangu. Ndiyo sababu aliacha kuniamsha, ndiyo sababu alipima saa bila kukosa Jumamosi hata moja. Nililia mbele yake, maji yakinidondoka mikononi.

"Hapana," nikamwambia. "Hapana, Maitũ. Si wewe. Ni mimi na bastola."

Hakuniamini palepale. Jumamosi nikampeleka karakana wakati hakuna kazi, nikamwonyesha stoo, mchanga, na msumari wenye hedifoni. Nikamwonyesha nilivyokuwa nainamisha kichwa. Alizitoa msumarini, akazivaa, zikamfunika mpaka mashavuni, akazivua.

"Na ulikuwa nazo," akasema. "Mbona hukuvaa?"

Nikamwambia sijui. Akanitazama, akazirudisha msumarini kwa uangalifu, akaniuliza tena habari ya sungura. Nikamjibu ndiyo, na hiyo nilikuwa nimeisikia.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nalala bila kifaa, na nalalia sikio la kushoto ili nipumzike kelele. Sikusikia hatua, sikusikia mlango. Nilihisi pumzi ya joto kwenye sikio la kulia, lile lililokufa, ndefu kiasi cha maneno mawili. Nikajiangusha kutoka kitandani kwa kishindo, nikaenda kunywa chai.